Bakapu Iliyosubiri Siku Kumi na Sita

Jumatano, tarehe 22 Oktoba 2008, chai ya saa nne ilikuwa haijapita mezani mama mhasibu aliposimama mlangoni mwa chumba cha seva, miwani mkononi. Haikuwa kawaida yake. Chumba kile alikikwepa, akisema kiyoyozi chake kinamtia mafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Folda ya wadaiwa siioni."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Alikuwa akiondoa mafaili ya mwaka uliopita, akachagua folda, akabonyeza kufuta, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, akaijibu ndiyo. Folda haikuwa ile aliyoikusudia. Na kwa kuwa ilikaa kwenye seva, si kwenye kompyuta yake mwenyewe, haikupitia pipa la taka. Kitu ukikifuta kwenye folda ya mtandao kinakwenda moja kwa moja, hakiagi.

"Ondoa shaka, mama," nikamwambia. "Ipo kwenye tepu ya jana."

Nilisema nikitabasamu. Katika mambo yote ya mwaka ule, tabasamu lile ndilo ninalolikumbuka vizuri zaidi.

Ofisi yetu ilikuwa eneo la viwanda, kando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee wanaiita Pugu Road mpaka leo. Tuliagiza vipuri vya magari na kuvisambaza mikoani. Wafanyakazi thelathini na ushee, seva moja ya mafaili na bakapu, na mimi. Intaneti ilitoka kwenye dishi la satelaiti juu ya paa, ghali na goigoi. Mkongo wa SEACOM ungefika Dar es Salaam Julai 2009, na kabla ya hapo hakuna aliyewaza kurusha nakala ya data ya kampuni nzima angani kila usiku. Bakapu ilikuwa tepu.

Wataalamu wa istilahi wanaiita nakala rudufu, na wengine chelezo. Chelezo nalipenda, maana kwa watu wa pwani chelezo ni boya, na chombo kikizama boya ndilo unalolitafuta kwa macho. Lakini ofisini kwetu ukisema chelezo watu wangedhani unazungumzia bandari. Tulisema bakapu, kuanzia meneja mkuu mpaka dereva.

Tepu zetu zilikuwa za aina ya DAT 72. Ni kikasha cha plastiki kidogo kuliko kaseti ya muziki, na ndani yake zimezungushwa mita 170 za utepe usiofika milimita 4 kwa upana. Jina lina 72 ndani yake, lakini uwezo wake halisi ni gigabaiti 36. Hiyo 72 ni matumaini ya mtengenezaji kwamba data yako itabanika nusu kwa nusu. Kuijaza ilichukua zaidi ya saa tatu. Tulikuwa na tano, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila jioni kasoro robo saa kumi na moja, dada wa mapokezi aliingia, akabonyeza kitufe, akatoa tepu, akaweka nyingine. Saa nne usiku programu ilianza kunakili. Ile ya Ijumaa ilikaa kwenye mashine mwisho wa wiki, na Jumatatu asubuhi mama mhasibu aliichukua kwenda nayo kwake Magomeni, ofisi ikiungua moto kitu kimoja kiwe salama. Aliirudisha Ijumaa. Alikuwa akiifunga kwenye khanga na kuitia kabatini, na sijawahi kuona sefu bora zaidi kwa ofisi ya ukubwa wetu.

Nilipoajiriwa pale, mwaka 2007, niliambiwa kwamba mfumo unatuma taarifa kwa barua pepe kila bakapu inapokwenda mrama. Nikafungua sehemu ya mipangilio kuangalia. Kweli, ulikuwa unatuma. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya mtu aliyeshika kazi ile kabla yangu, ambaye aliondoka miezi mingi nyuma na kikasha chake cha barua kikafungwa. Kila bakapu ilipokwenda mrama, programu ilimgongea hodi mpangaji aliyehama.

Nikabadilisha anwani, nikaweka yangu. Nikabonyeza kitufe cha kujaribu. Hakuna kilichokuja.

Hapo ndipo nilipojifunza kuongea na seva ya barua kwa mkono, na kama kuna kitu kimoja cha ufundi ningependa kila kijana wa kompyuta akijue, ni hiki. Itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na ni maongezi ya maandishi matupu ambayo mtu anaweza kuyafanya mwenyewe kwenye skrini nyeusi. Unaunganisha kwenye poti 25. Seva inakuitikia kwa namba 220, maana yake nipo. Unaandika HELO na jina lako, inajibu 250, karibu. Unaitajia barua inatoka kwa nani, 250. Unaitajia inakwenda kwa nani. Kuna adabu ya hodi na karibu katika jambo hili ambayo mtu wa kwetu haimpi shida. Jibu likianza na 2, umekubaliwa. Likianza na 4, rudi baadaye. Likianza na 5, umekataliwa na hakuna mjadala.

Mimi nilipotaja anayepelekewa nilijibiwa 550. Seva ya barua haikuitambua seva ya bakapu, na haikuwa tayari kubeba barua za mtu isiyemjua. Ndivyo seva za barua zinavyojilinda dhidi ya wanaotuma takataka kupitia migongo ya wengine. Ile programu ya bakapu ilikuwa ikipata jibu hilohilo kila ilipojaribu kutuma, ikalimeza, isimwambie mtu. Nikaiingiza kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, nikarudia. Safari hii 250. Nikaandika DATA, nikapewa 354, nikaandika "Habari za asubuhi", nikashuka mstari, nikaweka nukta moja peke yake, maana nukta iliyo peke yake kwenye mstari ndiyo inayoiambia seva kwamba umemaliza. 250. Dakika moja baadaye barua ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Nilifurahi kama niliyepata barua kutoka ughaibuni.

Furaha ile ndiyo iliyozaa kosa la pili.

Nikaweka alama kwenye kila kisanduku. Programu ile ilikuwa na orodha ndefu ya matukio inayoweza kuyaarifu, na mimi nikayataka yote: kazi imeanza, kazi imekwisha, tepu imeingizwa, tepu imetolewa, faili fulani limerukwa kwa sababu mtu ameliacha wazi, kuna toleo jipya la programu. Asubuhi ya kwanza nilikuta barua kumi na nne. Nikazisoma zote. Wiki ya pili nilikuwa nasoma vichwa vya habari. Wiki ya nne nikatengeneza folda, nikaamuru barua zote za bakapu ziingie humo zenyewe, na kwa miezi kadhaa folda ile ilivimba bila mimi kuifungua. Siku moja nilipoiangalia, idadi ya barua zisizosomwa ilikuwa na tarakimu nne. Nikajionea aibu. Nikarudi kwenye orodha, nikaondoa alama zote, nikabakiza moja: nitumie barua kazi ikishindwa.

Nilijiona mtu wa busara. Kama kuna tatizo nitaambiwa. Nisipoambiwa, hakuna tatizo. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi methali hiyo niliifundishwa nikiwa darasa la nne, nikaifanyia mtihani na nikapata vema.

Mwishoni mwa Septemba 2008 wakaja wakaguzi wa hesabu. Katika mambo yao waliuliza tunaweza kurudi nyuma kiasi gani kwenye data. Nikasema wiki moja. Wakasema ni kidogo. Jumamosi tarehe 4 Oktoba, ofisi ikiwa tulivu, nikaketi kwenye seva kuwaridhisha. Programu ilikuwa na kipengele cha kuzilinda tepu: kwa muda utakaoutaja, tepu iliyoandikwa haiwezi kuandikwa tena juu yake. Kilikuwa kwenye siku 5. Nikaweka siku 28. Nikabonyeza sawa, nikazima skrini kubana umeme, nikaenda zangu nyumbani.

Msomaji ameshaona. Tepu zilikuwa tano, kila moja inarudi kwenye mashine baada ya siku saba. Mimi nimeamuru zisiguswe kwa siku ishirini na nane. Niliagiza kutunza data ya mwezi mzima bila kununua hata tepu moja ya ziada, na sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa naiangalia namba, siangalii kabati.

Basi ile Jumatano, mama mhasibu akiwa amesimama nyuma yangu na mtandio umezungushwa shingoni kwa baridi, niliwasha skrini. Kwenye orodha ya kazi ulikuwapo mstari mmoja tu ulio hai. Imeanza: 6 Oktoba, saa 22:00. Muda uliopita: siku 15, saa 12. Hali: inasubiri tepu. Juu yake kulikuwa na kidirisha kidogo kikisema kwamba tepu iliyopo hairuhusiwi kuandikwa, tafadhali weka nyingine. Kilikuwa kimekaa hapo tangu Jumatatu ya wiki mbili nyuma, kimya, kwenye skrini iliyozimwa.

Dada wa mapokezi alikuwa ametimiza wajibu wake kila siku. Aliweka Jumanne, mashine ikaisoma, ikaona imelindwa, ikaendelea kusubiri. Akaweka Jumatano, vilevile. Taa ya kijani iliwaka muda wote, kwa kuwa mashine ilikuwa nzima. Sikukuu ya tarehe 14, Siku ya Nyerere, ofisi ilifungwa, nayo ikasubiri. Na barua ya kushindwa haikutumwa kwa sababu hakuna kilichoshindwa. Kazi ilikuwa inaendelea. Kwa hesabu ya programu, kazi ya Jumatatu ilikuwa bado ni ya Jumatatu, na kazi za siku zilizofuata hazikuanza kwa kuwa ya kwanza haijaisha.

"Ipo?" mama akauliza.

"Mama, ile tepu ya Ijumaa iko wapi?"

"Si iko nyumbani."

Dereva akampakia, wakapita Barabara ya Kawawa mpaka Magomeni, wakarudi baada ya saa moja na nusu. Akaifungua khanga mezani kwangu. Tepu ile ilikuwa na data ya tarehe 3 Oktoba, na ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote. Tangu hapo alikuwa ameibeba mara mbili kuja ofisini na mara mbili kurudi nayo, bila neno jipya hata moja ndani yake.

Folda ilirudi ilivyokuwa tarehe 3. Zilikosekana siku kumi na moja za kazi na asubuhi moja. Tulizijenga upya kuanzia mchana ule hadi Jumamosi, sisi wanne: mama mhasibu kwenye kibodi, makarani wawili wakipanga vitabu vya ankara, na mimi nikisoma. Nakala za kaboni za kitabu cha ankara zina rangi ya waridi na mwandiko uliofifia, na baada ya saa mbili macho yanaanza kuona 3 pale penye 8. Nasoma namba, jina, kiasi, mama anarudia, karani anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Mara mbili alinirudisha nyuma: "Huyo hawezi kuchukua beringi arobaini, ana gari moja tu." Alikuwa sawa mara zote mbili. Zilikuwa nne.

Namba zilirudi zote. Kilichopotea ni safu ya mwisho ya jedwali lake, ambayo sikujua hata kama ipo. Mle alikuwa akiandika maneno: huyu ameahidi kulipa akiuza mahindi, huyu msimpigie simu wiki hii amefiwa, huyu anataka aongee na mzee mwenyewe. Maelezo ya siku kumi na moja hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Kwa mwezi mzima uliofuata alikuwa akiwapigia watu na kuanza kwa kuomba radhi. Mmoja alimpigia akiwa bado matangani.

Meneja mkuu aliniita Ijumaa. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulituambia kompyuta itakupa taarifa ikishindwa."

"Haikushindwa, mzee. Ilikuwa inasubiri."

Akaniangalia kwa muda. "Nikimtuma dereva Mbagala, akakaa siku kumi na sita hajarudi, utakuja kuniambia hajashindwa, anasubiri?"

Sikuwa na la kusema, na sina mpaka leo. Swali lile ni zuri kuliko maelekezo yote niliyoyasoma kuhusu taarifa za bakapu. Mtu ukimtuma, unajua atumie muda gani. Ukipita, huhitaji habari ya ajali ndipo uanze kuulizia. Mimi mashine nilikuwa nimeitaka itangaze msiba wake yenyewe, na hiyo ni kazi ngumu kwa yeyote. Seva ikizimika ghafla haitumi barua. Intaneti ikikatika barua haitoki. Na kwetu, seva iliyohifadhi data na iliyotuma taarifa ilikuwa moja: mgonjwa ndiye aliyetegemewa akamwite daktari.

Nilisoma shule ya bweni. Usiku mlinzi alikuwa akigonga rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwembe, kila saa kwa idadi ya saa: saa sita mara sita, saa saba mara saba. Wageni wa kidato cha kwanza hawakulala wiki nzima kwa kelele ile. Baadaye tukaizoea, na usiku mmoja bweni zima liliamka kwa sababu saa nane haikugongwa. Mlinzi alikuwa amelala. Hakuna aliyetuamsha, tuliamshwa na kile ambacho hakikulia.

Hiyo rimu ndiyo niliyoitafuta kwenye mipangilio ya programu. Nikarudisha barua ya kila siku ya kufaulu, lakini moja tu, na kichwa chake nikakiandika mwenyewe ili mtu aelewe bila kuifungua: jina la seva, tepu iliyotumika, gigabaiti zilizoandikwa, imefaulu au la. Hiyo namba ya gigabaiti ni muhimu kuliko neno kufaulu. Bakapu ya gigabaiti 29 ikishuka usiku mmoja kuwa 4, programu itasema imefaulu, na haitakuwa imedanganya. Wahasibu wakiacha mfumo wao wazi wakaenda nyumbani, mafaili yaliyo wazi yanaweza kurukwa na kazi ikaisha kwa amani. Nikaweka pia alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vile nilivyoviondolea alama, cha tepu inayohitaji mkono wa mtu. Na nikaweka kikomo: kazi ikisubiri tepu kwa zaidi ya saa mbili, ijikatishe yenyewe na ihesabiwe imeshindwa. Tepu nyingine kumi na tano zikanunuliwa. Mzee alisaini bila kuuliza bei.

Barua sikuielekeza kwangu peke yangu. Tulifungua anwani ya kazi, isiyo na jina la mtu, inayofika kwangu, kwa mama mhasibu na mapokezi. Na hapo mapokezi ndipo lilipokuwa jambo lililofanya kazi kweli. Nilimnunulia dada daftari la kaunta, nikamchorea safu tatu: tarehe, tepu, saa ya barua. Kila asubuhi akifungua kompyuta anaandika. Barua isipokuwapo hadi saa tatu, ananipigia.

Nilidhani ataandika wiki mbili aache. Hakuacha. "Kaka, leo barua haijaja," ndivyo alivyokuwa akiniambia, na nilikuwa nakwenda mbio. Mara moja kichwa cha kusomea kilikuwa na vumbi na mashine inaomba tepu ya kusafishia; mji wetu una vumbi na chumvi hewani, na mashine za tepu hazipendi vyote viwili. Mara nyingine mfagizi alichomoa waya wa mtandao ili achomeke mashine ya kung'arisha sakafu, na ingawa hadi leo sielewi vitu hivyo viwili vinahusianaje, waya ulikuwa umechomoka. Mara nyingi lilikuwa jambo dogo lililorekebishwa kabla ya chai. Na kila mwezi, siku ya Jumamosi, tulichagua faili moja bila mpangilio tukalirudisha kutoka kwenye tepu kuona kama linafunguka. Dada ndiye aliyelichagua, kwa sababu mimi ningechagua lile ninalojua lipo.

Kuna watu walinicheka kwa daftari lile. Daftari la karatasi kulinda kompyuta! Mwaka 2017 niliwakumbuka. Januari 31 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kimataifa inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya gigabaiti karibu 300 za hifadhidata yao kuu, akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokwenda kwenye bakapu hawakukuta kitu. Chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6, kwa hiyo kilikuwa kikishindwa kila kinapoendeshwa. Na taarifa za kushindwa zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe, lakini barua zenyewe zilikataliwa mlangoni, kwa sababu hazikukidhi utaratibu uitwao DMARC unaodai barua ithibitishe kweli imetoka kwa anayedai kuituma. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa sita ikapotea. Nawaheshimu kwa kitu kimoja: waliandika yote hadharani, hatua kwa hatua, bila kujipamba.

Nilisoma maelezo yao usiku, nikicheka peke yangu, si kwa kuwadharau. Ilikuwa 550 yangu ileile. Ilikuwa kimya kilekile. Wenzetu walikuwa na wahandisi wa kila aina, na sisi tulikuwa na khanga ya Magomeni.

Na wanaoicheka tepu yenyewe nawaambia kitu kingine. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, asilimia 0.02 kwa hesabu ya Google wenyewe. Nakala zao za kwenye diski, katika vituo zaidi ya kimoja, ziliguswa na hitilafu ileile. Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu. Tepu iliyotolewa kwenye mashine haipokei amri ya mtu, hata iwe ya makosa kiasi gani, na katika ofisi ambayo kosa la kawaida ni kidole cha mtu mwema, hiyo ni sifa kubwa.

Niliondoka pale mwaka 2012. Nilimkabidhi kijana aliyenifuata funguo, nywila zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa, tepu ishirini, na maelezo ya kurasa sita. Daftari nililiacha mapokezi lilipokuwa.

Miezi kama miwili baadaye simu yangu iliita saa tatu na dakika tano asubuhi.

"Kaka, leo barua haijaja."

"Dada, mimi siko hapo tena. Umemwambia huyo kijana?"

"Nimemwambia. Ameangalia mashine, anasema bakapu imekwenda vizuri na nisiwe na wasiwasi. Lakini barua haijaja."

Nikamwomba ampe simu. Kijana alikuwa na adabu, akaniamkia, akanieleza kwamba ni kweli, tepu imeandikwa yote, hakuna shida. Nikamuuliza kama kuna kitu alichobadilisha jana. Akafikiri. Alikuwa amebadilisha nywila ya akaunti ya barua ya seva, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa rahisi mno, na alikuwa sahihi kuibadilisha. Kwenye programu ya bakapu alisahau.

Aliweka mpya kabla ya saa nne. Dada aliniambia baadaye alivyoandika kwenye safu ya tatu siku ile: "Tepu nzima. Barua imekufa, imefufuka saa 3:40."